Stika, Wembe na Sanduku: Historia Fupi ya Kadi Zetu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, wenzetu wamekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na mgao wa kila mwisho wa mzunguko. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za kadi tumeona tusianze na kadi zenyewe, bali na kile kinachobandikwa juu yake, yaani stika. Watu wengi wanaonunua kadi zetu huuliza karatasi tumeitoa wapi. Ni wachache wanaouliza zile herufi za dhahabu zinazong'aa zimetoka wapi, na zimefikaje hapa Kibimba. Nasi tulipoifuatilia historia yake tulikuta ndani yake jambo moja ambalo kila mwanamke anayeweka akiba anastahili kulijua.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Stika yetu si kile kibandiko cha karatasi cha bei ya dukani. Ni plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni, ambayo mafundi wa mabango huiita vinaili. Ina tabaka tatu. Juu ni plastiki yenyewe, aina ya PVC, ndugu wa bomba la maji na wa ule mpira unaofunika waya wa umeme. Katikati ni gundi. Chini ni karatasi laini iliyopakwa silikoni ili gundi isiishike, na ndiyo maana stika hubanduka bila kuchanika. Gundi hiyo haitaki maji wala moto, inataka kukandamizwa tu. Mtu aliyezoea kupika uji wa muhogo ili apate gundi ya kadi kumi, halafu asubiri zikauke huku mvua inanyesha, atajua mara moja faida iko wapi.

PVC ilijulikana huko Ujerumani tangu mwaka 1872, lakini ilikuwa ngumu na yenye kuvunjika, haikuwa na kazi. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja wa Marekani, Waldo Semon, aliyeajiriwa na kampuni ya mipira ya B.F. Goodrich, alikuwa akitafuta kitu cha kushikamanisha mpira na chuma. Hicho alichokuwa akikitafuta hakukipata, badala yake akapata njia ya kuilainisha PVC ikawa yenye kupindika kama ngozi. Hiyo ndiyo plastiki.

Sasa njooni kwenye gundi, na hapa ndipo tulipokaa kwa muda mrefu. Mwaka 1935, Marekani ikiwa bado katika dhiki kubwa ya uchumi, kulikuwa na kijana jijini Los Angeles aitwaye Stanton Avery. Alikuwa na wazo la kutengeneza vibandiko vinavyojishika vyenyewe, visivyohitaji kulambwa wala kulowekwa. Wazo alikuwa nalo, fedha hakuwa nazo. Aliyemkopesha ni mchumba wake, Dorothy Durfee, mwalimu wa shule, ambaye alimpa dola 100. Kwa fedha hizo Avery aliunda mashine kwa mota ya mashine ya kufulia nguo, vipande vya cherehani na msumeno mdogo. Hebu fikiri, cherehani! Vibandiko vyake vya kwanza vilikuwa vya karatasi, vya kuandikia bei madukani. Kampuni iliyotokana na mkopo ule leo inaitwa Avery Dennison, na ni miongoni mwa makampuni makubwa duniani yanayotengeneza stika za kila aina, na hizi za plastiki zikiwemo.

Katika habari nyingi tulizosoma, Bwana Avery amepewa kurasa na Bibi Dorothy amepewa sentensi moja. Sisi tulipoisoma sentensi hiyo kwenye kikao, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa, je, riba ilikuwa kiasi gani? Wakacheka wote. Lakini mweka hazina wetu hakucheka. Alisema kwamba mwalimu wa shule katika miaka ile ya njaa kuwa na dola 100 za kukopesha si jambo la bahati, ni akiba ya mtu aliyejinyima. Nasi tunakubaliana naye. Stika, jamani, ilianza kwa mkopo wa mwanamke.

Miaka ya 1950 plastiki ile na gundi ile zilikutana. Marekani ilitokea stika ya kuuzwa kwa marobota iliyoitwa Con-Tact, na Uingereza iliyopendwa iliitwa Fablon. Akina mama wa huko waliitumia kufunikia meza na makabati, na mabaki wakawapa watoto wakate maua. Ndiyo kusema kwamba matumizi ya stika katika kazi za mikono yalianzia jikoni, kwenye mabaki. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Gerber ya Marekani ilileta mashine inayoongozwa na kompyuta, yenye kisu kinachokata herufi za stika kwa kufuata mchoro. Hapo fundi wa mabango aliyekuwa anaandika kwa brashi akaanza kupata mshindani. Mashine ndogo za kukatia nyumbani, kama ile iitwayo Cricut, zimekuja katika miaka ya 2000, na mashine za namna hiyo ndizo zinazoleta ubishi katika kikundi chetu leo. Tutafika huko.

Kwetu huku stika haikuja kwa duka la vitabu. Ilikuja kwa barabara. Kila anayeijua njia ya malori yatokayo Dar es Salaam kupitia Kahama, Nyakahura hadi Rusumo, amesoma maneno yaliyobandikwa kwenye vioo na matela: majina ya watoto, majina ya timu, maneno ya dini na ya vijembe. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa rangi. Siku hizi mengi ni stika iliyokatwa. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani vilipozinduliwa rasmi Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame, magari yalikuwa yamezidi, na penye magari pana fundi wa stika, na penye fundi wa stika pana mabaki. Fundi akikata neno moja kubwa, hubaki pembeni vipande vya ukubwa wa kiganja, vya rangi zote, ambavyo kwake ni takataka. Kwetu sisi kipande cha kiganja ni maua manane, au jina la bibi harusi.

Lakini tusiseme kana kwamba kabla ya stika mikono yetu ilikuwa imelala. Ng'ambo ya mto Kagera, wilayani Kirehe nchini Rwanda, kuna sanaa iitwayo imigongo, na neno lenyewe ni ndugu wa mgongo wa Kiswahili. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikapangwa kwa vidole juu ya ubao katika matuta membamba kama migongo, ikikauka husuguliwa na kupakwa rangi, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi ya kule huihusisha sanaa hiyo na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wanawake wa upande ule waliifufua wakaifanya kazi ya ushirika. Mitindo yake ni mistari iliyonyooka, pembe kali na almasi zinazofuatana. Tunataja hayo kwa sababu ya kifundi. Mkono wenye wembe hukata mstari ulionyooka vizuri kuliko duara. Ndiyo maana kadi zetu zimejaa pembe na almasi kuliko mawaridi, na mgeni akidhani tumeiga vitabu vya Ulaya huwa tunamwonyesha upande wa Rusumo.

Mwaka huo huo wa 1994, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24 wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji. Habari hizo ni nzito kuliko kijitabu hiki, hatutazifupisha hapa. Tuseme tu kwamba mama zetu wanakumbuka jinsi turubai na magunia ya misaada yalivyoingia katika kila nyumba, na jinsi wanawake walivyofumua nyuzi za magunia wakasuka vikapu. Plastiki kuwa malighafi ya mikono ya mwanamke si jambo lililoanza na sisi.

Kadi zetu za kwanza, tulipoanza mwaka 2015, zilikuwa za mgomba. Tulichukua maganda makavu, tukayanyoosha kwa pasi ya mkaa, tukakata nyumba, mtungi, mama mwenye kikapu kichwani, na kubandika kwa gundi ya muhogo. Kadi za namna hii hutengenezwa Kenya, Uganda, Rwanda na kwetu Tanzania, na zinapendwa na wageni. Lakini zilikuwa na maadui watatu. Wa kwanza mende, ambaye kwa gundi ya muhogo ni sawa na kumwalika harusini. Wa pili unyevu, kwa kuwa masika yakikaa ganda huota ukungu. Wa tatu ndiye mkubwa. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoa wa Kagera mwaka 2006, na moja ya njia zake za kuenea ni kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikahamia mgomba mzima. Mabwana shamba wanasisitiza visu visafishwe kwa moto au dawa, na mazao ya shamba lenye ugonjwa yasihamishwe. Sasa wewe mama unayekwenda na kisu chako kwenye shamba la jirani kuomba maganda ya kadi, atakupokeaje? Si kwamba anakunyima. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa, maana ule mgomba ni chakula.

Basi stika ikaingia kwa mlango huo. Hatukuiacha mgomba kwa kufuata fasheni. Tulitafuta kitu kisichooza, kisichohitaji kisu cha shambani na kinachopatikana kwa bei ya mabaki.

Kazi yake ina adabu zake, nasi tuziandike ili wanaojiunga wazikute. Chini tunaweka kioo cha dirisha, si ubao, kwa sababu ubao hushika ncha ya wembe na kuipotosha. Tunachora upande wa nyuma, kwenye ile karatasi laini, na kwa kuwa ni upande wa nyuma herufi zote huchorwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazama. Wanafunzi wapya huteseka hasa na herufi S na N. Baada ya kukata, sehemu isiyotakiwa hung'olewa kwa ncha ya sindano. Jina refu halihamishwi herufi moja moja, maana litapinda. Hubandikwa gundi ya karatasi ya mafundi rangi juu yake, likanyanyuliwa lote kwa pamoja, likashushwa kwenye kadi kuanzia katikati kwenda pembeni, huku kitambaa kikavu kikifuata nyuma kusukuma hewa nje. Kijipovu kikibaki, sindano hukitoboa na kidole hukimaliza.

Kiangazi ni kibaya kwa stika kuliko masika. Vumbi jekundu la huku likigusa gundi, gundi imekufa. Kwa hiyo miezi ya Juni hadi Agosti kazi hufanyika asubuhi, milango imefungwa, sakafu imenyunyiziwa maji. Tena karatasi ngumu ya kuparuza haifai. Hapa tulijifunza kutokana na wenzetu wa Iringa, Neema Crafts, walioanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, wakitengeneza karatasi kwa mkono, hata ya kinyesi cha tembo. Hali kadhalika Kigali kuna Cards from Africa, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambako vijana waliobaki bila wazazi walitengeneza kadi kwa karatasi za ofisi zilizotumika. Karatasi za namna hiyo ni nzuri sana kuzitazama, lakini mabonde yake madogo huifanya gundi ishike vilima tu. Anayetaka karatasi ya mkono na stika pamoja inabidi asugue kwanza mahali pa kubandika kwa mgongo wa kijiko mpaka pang'ae.

Na si stika zote ni moja. Iliyotengenezwa kwa kushindiliwa kati ya magurudumu, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ikipigwa jua hurudi na kusinyaa, kingo zikaacha mstari mchafu wa gundi. Iliyotengenezwa kwa kumwagwa ikiwa ya majimaji, kisha ikaokwa, hutulia. Kwa lori tofauti hiyo ni kubwa. Kwa kadi inayokaa kabatini si kubwa hivyo, ila ikining'inizwa dirishani utaiona.

Tunalo neno moja kwa akina mama wote, wanakikundi na wasio wanakikundi. Mabaki ya stika yasiwashiwe moto jikoni. Yanashika haraka, ndiyo, na ndiyo maana watu huyapenda asubuhi kuni zikiwa mbichi. Lakini PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma macho na kifua, pamoja na sumu nyingine zinazokaa mwilini muda mrefu. Jiko la mafiga matatu lenye mtoto mgongoni si mahali pake. Kikundi kinayakusanya kwenye gunia, na fundi akubali akatae tunamrudishia yeye. Suala la kwamba plastiki hii haiozi linatusumbua. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda walikuwa wameitangulia tangu 2008, baadhi ya wafadhili wetu wa hapa walituuliza kama stika nayo imo. Haimo, sheria ile ni ya mifuko. Kilichobadilika kwetu ni vifungashio tu, tukaacha nailoni tukarudi kwenye bahasha. Hata hivyo swali lao ni la haki, na jibu letu hadi sasa ni kwamba tunatumia kilichokwisha kutupwa, hatununui robota jipya.

Je, kadi ni za nini? Mgeni hudhani ni pambo. Mtu wa huku anajua kwamba kadi ya mchango ni hesabu. Kamati ya harusi ikishaketi, kadi hutoka, na kila anayeipokea amekwisha kuingia kwenye daftari: ameahidi kiasi gani, ametoa kiasi gani, atapewa ya mwaliko ya mtu mmoja au ya watu wawili. Hivyo hivyo kwa sendofu, kipaimara, ubatizo na hata shukrani baada ya msiba. Sasa kadi inayofika kwa simu, picha ile ile kwa watu mia tatu, hufutwa kwa kidole kimoja. Hatusemi hivyo kwa wivu wa biashara peke yake, ingawa wivu upo, tusidanganyane. Tunasema kwa sababu tumekaa kwenye kamati hizo. Kadi yenye jina lako lililokatwa kwa mkono, ikakaa juu ya kabati, inakutazama. Mume anaiona, mama mkwe anaiona. Ni vigumu kulala na deni linalong'aa.

Fedha ya kadi haiendi mfukoni mwa mtu moja kwa moja. Sehemu yake humlipa aliyekata, na sehemu huingia kwenye sanduku lile la kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulikuzwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukaja Tanzania, ukaitwa VICOBA, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa. Kwa wanachama wasio na shamba la kahawa wala duka, kadi ndiyo njia ya kununua hisa za wiki. Mjane mwenye macho mazuri na mkono mtulivu hununua hisa sawa na mke wa mwenye lori.

Ndiyo maana ubishi wa mashine ni mkali. Vijana wetu wanataka kikundi kikope, kinunue mashine ya kukatia na kompyuta yake. Wanasema, na ni kweli, kwamba mashine itakata kadi mia kwa muda ambao mkono unakata kumi, tena herufi za mviringo zitatoka safi. Wazee wanauliza umeme ukikatika itakuwaje, kisu kikivunjika kitatoka wapi, na nani atakayekaa kwenye kompyuta. Swali hilo la mwisho ndilo letu sisi tuandikao. Mashine humtaka mtu mmoja. Wembe uliwapa kazi wote waliokaa kuzunguka kioo. Kama mashine itanunuliwa, tunaona inunuliwe kwa mkopo wa kikundi wenye jina la kikundi, siyo kwa fedha ya mtu mmoja atakayetukatia kwa bei yake, na kuchora, kung'oa na kubandika kuendelee kugawanywa kwa mikono mingi. Tena mashine hula robota zima, haili mabaki, hivyo lile jibu tuliwapa wafadhili kuhusu plastiki litabidi liandikwe upya kabla ya mkopo kusainiwa.

Hoja hiyo imewekwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu baada ya sherehe hizi, na kila mwenye hisa ana kura. Wakati huo huo kadi za kipaimara zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, majina tumekwisha kuletewa na katekista, na yamechorwa kinyume, yako juu ya kioo. Anayeweza kushika wembe afike Jumamosi asubuhi, kabla vumbi halijaamka.